Upanga Ulionioa

Jumatatu, 5 Oktoba 1936

Gari jipya limeingia ngomeni leo. La Rani Mdogo, mke mwenzangu, la nani tena! Jeusi, linang'aa, mapazia madirishani ili watu wasimwone, kana kwamba kuna aliyekosa usingizi kwa kutomwona. Zawadi ya baba yake. Baba yake akifika mahali Waingereza humpigia mizinga kumi na moja. Sisi Meghalsar tunapigiwa tisa. Marehemu baba yangu hawakumpigia hata makofi. Hilo Rani Mdogo analijua, na kahakikisha wapishi nao wanalijua.

Jioni akaja kunisalimia. Akainama, akanigusa miguu, kila kitu sawasawa. Dada hivi, Dada vile. Kisha akaketi, akazungusha macho, akasema chumba changu kina kasuku wengi kuliko bustani ya kwao. Wasichana wake wakacheka. Nami nikacheka. Taya zinaniuma mpaka sasa.

Kasuku hao nimewadarizi kwa mkono wangu. Mito, mapazia, kofia za mwanangu Takhat, kola za kanzu za Bwana. Wote kichwa kijani, jicho jekundu, kama yule wa kwenye mpini wa upanga. Ndiye aliyenioa! Siku ya arusi Bwana alikuwa kitandani na homa, nyota zimeshasema ni siku ile na si nyingine, basi wakaleta upanga wake kwetu, kama wafanyavyo watu wetu bwana arusi akishindwa kuja. Nikauzunguka moto pamoja na upanga. Shela imenifunika uso wote, sikuona kitu ila mpini: kichwa cha kasuku, ananikazia jicho. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, naogopa. Nikampenda yule kasuku kabla sijampenda mtu yeyote wa nyumba hii.

Sikumwona tena. Tulipofika tu akarudishwa kwenye ghala la silaha, na ghalani mwanamke haingii. Wanaume wakija upande wetu huacha panga mlangoni. Siku ya Dasara, sikukuu ya silaha, zinapangwa uani ziombewe, lakini zinafukiwa maua ya manjano mpaka kwenye mpini, nasi tuko juu, nyuma ya dirisha la matundu. Bwana nilimwuliza mara moja kama anawapenda kasuku wangu. Akasema wazuri, ila yeye ni mtu wa farasi.

Rani Mdogo aliolewa na mtu mzima mzima, na bendi juu. "Mimi nilishikwa mkono," anapenda kusema, huku akiutazama mkono wenyewe.

Alhamisi, 8 Oktoba

Rani Mdogo ana mimba.

Kaniambia Gomti, aliyekuja nami kutoka nyumbani na hajui kuficha kitu usoni. Nikamwambia aendelee kunichana nywele. Akachana. Nikamwambia anachana vibaya.

Bwana kala kwake tena. Nilimpikia nyama ya pilipili nyekundu, ile anayoipenda, nikakaa nayo mwenyewe jikoni mpaka macho yakavimba. Ikarudi haijaguswa. Kule kwake wamekula sijui nini cha Kizungu kinachotikisika kwenye sahani.

Nina wivu. Basi, nimeandika. Nina wivu na gari, na santuri yake, na shingo yake, na vile anavyocheka kabla mtu hajamaliza kusema. Hakuna wa kusoma haya zaidi yangu.

Na wivu wenyewe nina sababu. Dasara hii Takhat atatimiza miaka sita, na Bwana aliahidi kumtangaza mrithi mbele ya watu wote. Sasa baba wa Rani Mdogo, kila anapokaa na wakubwa, anatupa neno: kwa nini haraka? Si tungoje tuone binti yake atajifungua nini? Mke wa upanga ni mke nusu, anasema, na nusu haizai mfalme.

Mke nusu! Nilizaa kwa nusu ipi?

Jumapili, 11 Oktoba

Leo mzee Shivdan, mwimbaji wa ukoo, ameimba upande wetu, yeye nje ya pazia na sisi ndani. Kila mwaka kabla ya Dasara hutuimbia wanawake kwanza, ajaribu sauti. Ukoo mzima wa Meghalot, bila kusoma popote. Rao Meghal aliyeiba ngamia mia wa sultani, akajenga ngome hii kwa bei yao. Mwanawe aliyekatwa kidole akaendelea kula. Yule aliyefungwa na Wamughali akarudi mnene. Na kila mfalme na wake zake, na kila mke jinsi alivyoletwa: huyu kwa mkono, huyu kwa upanga. Mzee hachanganyi. Asilolishuhudia mtu, haliimbi.

Alipofika kwangu akaimba vizuri, akaiinua sauti: Chandan Kanwar, aliyeletwa na upanga. Nikanyoosha shingo.

Rani Mdogo akauliza kupitia pazia, sauti kama asali: na ikiwa upanga si wa mume?

Mzee akakohoa. Halafu akaimba kisa cha Rao Lakhan, ambacho kila mtu anakijua na mimi sikutaka kukisikia. Lakhan mwana wa mke wa upanga. Ndugu yake wa mama mwingine akasema upanga ule ulikuwa wa mtu mwingine, basi mama hakuwa mke, na mtoto hakuwa mtu. Vita miaka minne. Lakhan akashindwa. Kizazi chake kiko Pipalda mpaka leo, damu ya kifalme inachunga mbuzi.

Akamaliza, Rani Mdogo akatuma watu wampe shali. Mimi nilikuwa nimempa kitambaa.

Nilikaa moyo unawaka. Bwana alipopita kumwona Takhat nikamwambia hapo hapo. Siku ya Dasara nautaka upanga ulionioa uwekwe juu ya mto wa kiti cha enzi, bila maua, uonekane. Takhat aketi kando yake. Na kaka yangu Jorawar aitwe, yeye ndiye aliyeupokea mlangoni kwetu kwa mikono miwili, ashuhudie mbele ya wote. Tuone nani nusu.

Bwana akafurahi. Akasema ni wazo la kiume, akanishika bega. Kanishika bega! Usiku huu nitalala upande huo.

Jumamosi, 17 Oktoba

Tumeanza mfungo wa Dasara jana. Tumbo linanguruma, hasira ziko karibu.

Shemeji Bhairav amekuja kumwona Takhat. Ni mdogo wake Bwana, wamepishana mwaka mmoja, na ndiye aliyeongoza msafara ulionifuata nyumbani. Kamletea mtoto hatamu ndogo ya ngozi, kashona mwenyewe. Anakaa sakafuni na Takhat kama hana cheo. Watu wote wanampenda. Mimi amenichosha.

Tangu nilipoingia nyumba hii hajaniita shemeji hata siku moja. Ni Rani tu. Rani hajambo? Rani ameamkaje? Kama karani wa Waingereza. Zamani nililia kwa sababu hiyo, nikidhani ni kwa ajili ya ukoo wetu mdogo. Na Rani Mdogo? Hajashuka vizuri garini, siku ya kwanza, Bhairav ameshasema karibu shemeji! Nilikuwa dirishani, nilisikia.

Sasa huyo huyo Rani Mdogo anamtafutia mke. Mdogo wake mwenyewe wa kike, wa miaka kumi na tisa, amesoma, anacheza tenisi. Karibu watuzunguke pande zote. Bhairav kasema atafikiri. Afikiri nini? Nikajikuta nasema kwamba wasichana wa tenisi hawatulii. Akanitazama, akacheka kidogo. Nilichukia siku nzima na sijui kwa nini, msichana mwenyewe simjui.

Nilipomwambia habari ya upanga kuwekwa kwenye mto alitua kikombe chake.

"Ni lazima, Rani?"

Nikasema ni lazima.

"Uache upanga ulale. Mtoto atatangazwa hata bila upanga."

Kumbe naye yuko upande wao! Nikainuka, nikamwita Gomti aondoe vikombe. Bhairav akamfunga Takhat ile hatamu kiunoni, akaondoka taratibu. Mlangoni alisimama kidogo akiangalia pazia langu, kasuku wale. Nadhani naye anawacheka.

Jumanne, 20 Oktoba

Kofia ya Takhat imekwisha. Kasuku mkubwa kuliko wote, nyuzi za dhahabu, jicho nimetia yakuti kutoka kwenye hereni yangu. Rani Mdogo kapita, kaiona, hakucheka. Siku njema sana.

Kaka Jorawar ametuma mtu: yuko njiani, anakuja na ngamia wanane ili watu waone.

Ijumaa, 23 Oktoba

Nimefunga mlango ndipo naandika.

Mume wa Gomti ndiye anayepaka panga mafuta. Asubuhi Gomti kaingia na chai, uso umejaa furaha, kanambia upanga wangu umetoka vizuri, mumewe kaufuta mpaka unajiona ndani yake, na yale masikio yaliyosimama! Na shingo ile!

Masikio gani?

"Ya farasi, Rani. Upanga wa Bwana si una kichwa cha farasi?"

Nikasema kasuku. Akasema hapana, wa Bwana ni farasi, tangu alipokabidhiwa utu uzima. Mafundi walitengeneza panga mbili mwaka mmoja, sawa kwa kila kitu ila vichwa na majina ya wenyewe. Farasi wa Bwana.

Nikajua kabla sijauliza. Niliuliza hata hivyo. Kasuku wa nani?

"Wa Bwana Bhairav."

Gomti hakuelewa. Aliendelea kumimina chai. Mwenyewe alikuwa nami siku ya arusi, lakini alikuwa nyuma yangu akishika shela, hakuona mpini. Nilimwona mimi. Na kaka.

Nimekaa nikapanga mambo. Bhairav anafika kwetu na upanga wa kaka yake umefungwa kitambaa chekundu, na wake mwenyewe nao kitambaa chekundu, kwa kuwa yeye ni mkuu wa msafara. Safari ya siku tatu, vitambaa viwili vinalala hema moja. Mtu anachukua kimoja. Basi. Ndivyo ilivyokuwa, haiwezi kuwa vingine.

Na yeye alijua. Labda si saa ile, lakini aliporudi na kufungua kitambaa chake akamkuta farasi, alijua. Ndiyo maana haniiti shemeji. Angeniitaje!

Ee Mata, mungu-mama wa ngome. Kasuku kwenye mito. Kasuku kwenye kola za Bwana, anazivaa barazani. Alikuwa akiwaona miaka yote hii, akadhani nini?

Mwanangu atachunga mbuzi.

Jumamosi, 24 Oktoba

Nimemwendea Bwana, nimesema nimeota vibaya, upanga uachwe chini ya maua kama kawaida. Hakunisikiliza. Ameshatangaza. Mzee Shivdan ameshatunga ubeti. Na Rani Mdogo, ambaye alikuwa amejilaza pale anakula zabibu, akasema haitapendeza nikinyimwa heshima yangu, Dada, hata baba yake anakuja kuitazama. Akanitolea zabibu kwenye kiganja. Nikala. Ningefanya nini.

Anajua? Hapana. Anahisi tu, kama paka anavyohisi samaki.

Kaka amefika. Ngamia wanane, kelele za watu sitini. Yuko upande wa wanaume, siwezi kumpata peke yake, kazungukwa na wanywaji. Nikamtuma Gomti amnong'oneze: kesho, upanga wowote utakaoonyeshwa, sema ndio wenyewe.

Gomti karudi na jibu. Kaka kamwambia kwa sauti ambayo baraza zima limeisikia kwamba hahitaji kufundishwa na dada yake namna ya kuutambua upanga alioushika kwa mikono yake miwili, na kwamba bila shaka atasema ndio wenyewe, akiuona.

Mwanaume yule! Tangu utotoni hajawahi kuelewa neno la kunong'onezwa.

Nilitaka kumtumia Bhairav neno pia. Nikamwita Gomti. Nikamwambia arudi akalale. Ningesema nini? Nisaidie? Naye anisaidie kwa cheo gani?

Jumapili, 25 Oktoba. Dasara

Naandika nimesimama, karatasi kwenye ukuta. Kuhani amesema saa ni mbaya mpaka jua livuke, wamesimama wote, wanakunywa maji. Ngoma ikilia wanaendelea. Niandike, la sivyo nitapiga kelele.

Mizinga tisa ilipigwa. Panga zikapangwa uani, safu ndefu, maua juu. Takhat akaletwa na kofia yake, akaketi kando ya mto mwekundu wa kiti cha enzi. Juu ya mto upanga mmoja, wazi. Farasi. Masikio yanameta mpaka huku juu.

Mzee Shivdan akaimba tangu Rao Meghal. Akafika kwangu, akanyamaza, akamwita shahidi. Kaka akajitokeza, kifua mbele. Akauinamia upanga. Akauzunguka. Mimi nimeshika matundu ya dirisha kwa vidole vyote.

Akasema, "Si huu."

Bwana akamwomba autazame tena. Kaka akasema autazame mara ngapi, yeye si kipofu, upanga uliokuja kwao ulikuwa na kichwa cha kasuku. Kijani. Jicho jekundu. Alisema kwa fahari, maskini, akidhani anamtetea dada yake dhidi ya watunza ghala wazembe.

Na watu wote wakageuka wakatazama kofia ya mwanangu.

Bwana hakutazama kofia. Aliinama taratibu akatazama kola yake.

Nyuma yangu Rani Mdogo akavuta pumzi. Kisha akaniambia sikioni, taratibu kabisa, "Dada, kumbe kasuku ana mwenyewe."

Hapo Bhairav akatoka kwenye kundi la wanaume. Akaenda kwenye safu ya panga, akapangusa maua ya mmoja, akaubeba mpaka kwenye mto, akaulaza kando ya farasi. Niliuona tena. Mdogo kuliko nilivyoukumbuka. Jicho lile lile.

"Shahidi anasema kweli," akasema. "Ni huu, na huu ni wa kaka. Tulibadilishana tukiwa vijana, mimi nikamtaka farasi, baadaye kila mmoja akarudia wake. Siku ile ulikuwa wa kaka. Ndio uliomwoa shemeji."

Shemeji.

Alisema akiinua uso kwenye dirisha letu. Hanioni, kuna matundu tu, lakini aliinua.

Baba wa Rani Mdogo hakupandisha hata sauti. Akasema hadithi ni nzuri, ila panga za nyumba hii, kama anavyojua kila mtu, zina jina la mwenyewe kwenye chuma, chini ya mpini, tangu siku zilipofuliwa. Vijana wakibadilishana, je, walibadilishana na majina? Uchomolewe, mzee Shivdan asome. Jina la Bwana likiwemo, mtoto ni mrithi na yeye atakuwa wa kwanza kumpigia magoti. La kaka mtu au la mdogo mtu, chuma kitasema. Mzee akaitika kwa kichwa. Hapo ndipo kuhani akasema saa ni mbaya.

Jina liko pale, najua ni la nani. Bhairav naye anajua. Kasema uongo ambao chuma kitaukana mchana huu huu, mbele ya watu wote, na kausema bila kutetemeka.

Takhat bado yuko chini, ameketi vile alivyoambiwa. Amemshika kasuku wa kwenye mpini anamsugua kwa kidole gumba, kama nilivyokuwa nikifanya mimi, pale kwenye moto wa arusi.

Nafikiria mbuzi wa Pipalda. Nafikiria mwanangu. Ndivyo inavyonipasa. Lakini kila nikianza linanirudia neno lile. Miaka yote nililililia. Leo nimepewa, na nikaona kama nimefungiwa mlango usoni. Na yule msichana wa tenisi atakuja, atakaa chumba cha pili, atadarizi anachotaka.

Ngoma.

Gomti yuko dirishani, ananiambia, mimi siwezi kutazama. Bwana ameuchukua yeye mwenyewe, hakumwachia mzee. Ameushika mpini. Hajauchomoa. Anamtazama mdogo wake. Mdogo wake ameinamisha kichwa. Kaka yangu anauliza kuna nini.

Ee Mata, liwe jina la Bwana, geuza herufi hata kwa muujiza, liwe la Bwana. Naomba kwa sauti ili Rani Mdogo asikie. Ni mdomo ndio unaoomba hivyo. Gomti anasema anauch